Ufa Ulioelekea Isenga

Lucia alikutwa amelala kifudifudi kando ya chemchemi ya Isenga, mkono wake wa kulia umezama majini mpaka kwenye kiwiko. Ndoo yake ilikuwa imejaa. Jembe lake lilikuwa limeegemezwa vizuri kwenye jiwe, kwa kuwa alitegemea kulichukua tena na kurudi shambani.

Inspekta Kalista wa upelelezi alifika kabla ya adhuhuri, akitokea Sumbawanga pamoja na Konstebo Steven. Mvua za kwanza za Desemba zilikuwa zimeanza, na njia ya kutoka Mwazye ilikuwa tope tupu. Gari liliachwa chini ya mteremko. Walipanda kwa miguu.

Kalista alichuchumaa kando ya mwili. Povu jeupe lilikuwa limekauka pembeni mwa mdomo. Akalifunua jicho moja kwa kidole kilichovikwa glavu. Mboni ilikuwa imesinyaa, imekuwa nukta.

"Piga picha hapa," alimwambia Steven. "Halafu pale, kwenye maji."

Juu ya maji walielea vyura. Wote walikuwa wamegeuza matumbo juu.

"Nani alimkuta?"

"Mimi, afande." Kijana mmoja mwembamba alisogea mbele. Alikuwa amevaa buti za mvua, shati limelowa. "Naitwa Abeli. Ni mke wangu."

"Pole sana, Abeli. Ilikuwaje?"

"Tulikuwa shambani tangu alfajiri, tunapanda. Akasema kiu imemzidi, anakwenda kunywa na kuchota ya nyumbani. Nikaona anachelewa."

"Alipotoka shambani alikuwa mzima?"

"Mzima. Alikuwa anaimba."

"Kuna mwingine aliyekunywa maji haya leo?"

"Mama yangu, Fransiska. Alionja kidogo tu, akasema yana harufu, akatema. Sasa hivi anatapika."

"Apelekwe hospitali mara moja kwa gari letu. Na mtoto? Mna mtoto?"

"Otilia. Ana miaka minne." Abeli alimeza mate. "Alikuwa bado amelala. Hajanywa kitu."

Nyuma yao watu walikuwa wameongezeka. Vijana kadhaa walishika marungu. Mmoja wao, Sebastiani, alipaza sauti: "Afande, unauliza nini tena? Jana Shedrack alionekana hapa na bomba la dawa mgongoni! Hao wafugaji wametuulia mtu! Tunakwenda kuchoma maboma yao!"

"Nani alimwona?"

"Mimi mwenyewe!"

"Basi wewe ni shahidi wangu. Shahidi wangu hachomi nyumba ya mtu. Weka hilo rungu chini uje uandikishe maelezo."

Sebastiani alisita, akaliweka chini.

Ndipo umati ulipopasuka katikati kumpisha mzee mmoja. Alikuwa ametembea kutoka Kasonta, kitongoji cha upande wa pili wa kilima, na koti lake lilikuwa limejaa matope mpaka mgongoni. Alikuwa ameanguka njiani zaidi ya mara moja. Huyu alikuwa Kornel, baba mzazi wa Lucia. Hakuwa na mtoto mwingine.

Hakulia. Alipiga magoti, akashika pindo la kanga ya binti yake iliyokuwa imepanda juu ya goti, akaishusha, akaifunika miguu yake vizuri. Kisha akakaa hapohapo.

"Shikamoo, mzee," Kalista alisema kwa sauti ya chini.

"Marahaba." Hakugeuka. "Ni sumu?"

"Inaonekana hivyo. Daktari ndiye atakayethibitisha."

Mzee aliinyoosha tena ile kanga. Halafu akauliza: "Na ng'ombe wao? Wamekufa wangapi?"

"Ng'ombe gani, mzee wangu?"

"Wa wale wafugaji. Wa kule lamboni."

"Sijasikia habari za ng'ombe kufa."

Kornel aliinua uso akamtazama, na machoni mwake mlikuwa na mshangao ambao Kalista hakuuelewa. Aliuhesabu kuwa ni uchungu. Watu waliofiwa husema mengi.

*

Shedrack alikamatwa jioni ileile, kwa tuhuma na pia kwa usalama wake. Siku iliyofuata Kalista alikaa naye katika chumba cha mahojiano, kituo cha polisi Matai. Alikuwa kijana wa rika la Abeli, mikono imechubuka kwa miiba.

"Ulikwenda kufanya nini chemchemini?"

"Nilipita tu, afande. Nilikuwa namtafuta ndama aliyepotea."

"Na bomba mgongoni?"

"Nilikuwa nimetoka kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Sikutaka kurudi bomani kuliweka."

"Uliliosha pale?"

"Hapana. Wallahi hapana. Hata sikusimama."

"Mna ugomvi na watu wa Isenga?"

"Hatuna."

"Na watu wa Kasonta?"

Shedrack alitazama meza. "Muulize mama."

Mama yake alikuwa nje, ameketi kwenye benchi tangu milango ilipofunguliwa. Kabula alikuwa mjane aliyehamia Ufipa na familia yake kutoka Shinyanga, miaka ile malisho ya kwao yalipokwisha. Alisimama Kalista alipomkaribia.

"Mwanangu hawezi kuua mtu, afande. Hata kuku ananiachia mimi nichinje."

"Mama, niambie ukweli. Kuna ugomvi gani na Kasonta?"

Kabula alijifunga kitenge upya, polepole. "Mwaka jana ng'ombe wetu waliingia katika shamba la mzee Kornel. Siku hiyo mke wake alikuwa anazikwa. Wachungaji walikuwa watoto, hawakuwa makini. Ng'ombe walikula mahindi yote, hawakuacha hata bua. Nilikwenda kumwomba radhi. Nilipiga magoti mlangoni kwake. Hakufungua."

"Kornel ndiye baba wa marehemu."

"Najua." Machozi yalimlengalenga. "Jana nilitaka kwenda msibani. Wakanirushia mawe."

Steven alimvuta inspekta wake pembeni. "Afande, si ndiyo hiyo? Wana uhasama na baba, wamemuua binti."

"Aliyekosewa ni nani, Steven? Ni Kornel. Aliyekosa ndiye alipize kisasi?"



*

Dk. Angela wa hospitali ya mkoa aliufanyia mwili uchunguzi, akatuma sampuli kwa mkemia Mbeya. Majibu yaliporudi, Fransiska akiwa ameshapona, alimpigia simu Kalista aje mwenyewe.

"Ni kiuatilifu," alisema. "Dawa ya kuulia wadudu wa mazao. Si dawa ya kupe. Dawa ya kijana wenu ni ya jamii nyingine kabisa."

"Kwa hiyo si yeye."

"Bomba lake halina hata chembe ya kilichomuua Lucia. Lakini kuna jambo jingine linanitatiza. Yale maji mliyochota siku ile yalikuwa na sumu. Sawa. Halafu mkakikausha kile kidimbwi cha chemchemi?"

"Tulikikausha chote. Tukaweka mgambo wakilinde mchana na usiku. Hakuna mtu aliyesogea."

"Na sampuli mlizochota baadaye, mlichota wapi?"

"Mdomoni mwa bomba la chemchemi, pale maji yanapotokea mwambani."

Dk. Angela aligeuza karatasi ya majibu. "Bado zina sumu. Inapungua, lakini ipo. Mtu akimwaga sumu kwenye kidimbwi, ukikikausha imekwisha. Hii haikumwagwa pale, Kalista. Hii inatoka ndani ya jiwe."

"Sumu itaingiaje ndani ya jiwe?"

"Mimi natibu watu. Tafuta mtu wa mawe."

Mtu wa mawe alikuwa Beda, mjiolojia wa maji aliyeishi mtaa wa Izia, Sumbawanga, mnene, mwenye goti bovu na mazoea ya kuzungumza peke yake anapofikiri. Alikubali kwenda siku ileile. Yeye, Kalista na Steven walipanda kilima kinachotenganisha Isenga na Kasonta, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matuta ya mashamba. Beda alikwenda polepole, akisimama kila palipokuwa na mwamba ulio wazi. Alipiga magoti kwa shida, akaweka dira juu ya jiwe, akaguna, akainuka.

"Tafadhali nieleze na mimi," Kalista alisema.

"Tazama hapa." Beda aligonga mwamba kwa nyundo. "Jiwe hili ukililoweka mwaka mzima, ndani litabaki kavu. Halinywi maji. Maji ya Ufipa hayamo ndani ya mwamba, yamo kwenye nyufa zake. Unaziona?"

Kalista aliziona. Mistari myeusi, mingine myembamba kama uzi, mingine ingeweza kupitisha kiganja. Zilikuwa zimelalia upande mmoja.

"Zote zinaelekea mawio," alisema.

"Hasa. Juu ya ardhi maji hufuata mteremko. Chini hufuata ufa, almradi kule uendako ni chini kuliko hapa. Mteremko wa upande huu tulipo unakwenda machweo, Kasonta na lamboni. Lakini nyufa zinakwenda mawio."

"Isenga."

"Isenga. Na ufa si sawa na mchanga. Mchanga huchuja maji, huyachelewesha, uchafu hunasa njiani. Ufa hauchuji kitu. Ukiupa maji unapitisha maji. Ukiupa sumu unapitisha sumu, tena upesi." Alifuta jasho. "Nimechimbisha visima vikavu vingi katika wilaya hii. Unachimba hapa, vumbi. Unasogea hatua chache, maji yanaruka. Watu wanadhani nimerogwa. Kumbe ni ufa tu, umeukosa au umeupata."

"Na hapa kilimani kuna mahali mtu anaweza kuufikia huo ufa?"

Beda alinyoosha nyundo yake mbele. Alikuwa anatazama kichaka mbele yao. Katikati ya nyasi ndefu ulijitokeza mdomo wa bomba la chuma, lililosimikwa ardhini.

Kilikuwa kisima kirefu kilichochimbwa miaka mingi iliyopita. Pampu yake iliharibika, ikang'olewa, kisima kikaachwa. Kofia ya chuma iliyokifunika ilikuwa imesukumwa pembeni, na mkwaruzo kwenye kutu yake ulikuwa bado mpya. Beda aliangusha kokoto. Walisubiri. Kutoka chini sana ikaja sauti ya maji.

Kalista aliinama juu ya mdomo wa bomba, akainuka haraka. Harufu ilimpiga puani. Ilikuwa ileile ya chemchemini, ila kali zaidi.

Steven aliyekuwa akipekua nyasi akaita. Kwa kibano aliinua kifuniko cha plastiki na kipande cha karatasi ya kung'aa ya rangi ya fedha kilichokuwa kimeziba mdomo wa chupa.

"Dawa ya viwavijeshi," alisema. "Lakini afande, dawa hii kila mkulima anayo. Hata dukani Laela wanaipanga mlangoni. Tutampataje aliyeileta?"

Kalista aliviweka vitu vile katika mfuko wa ushahidi. Kisha akasimama pale alipokuwa amesimama mtu aliyeimwaga, akajaribu kuona alichokiona. Nyuma yake, kilele kiliificha Isenga. Huko hakikuonekana hata kipaa kimoja. Mbele yake kilima kiliteremka taratibu mpaka bondeni, na bondeni, moja kwa moja chini ya kisima, lambo lilimeta. Ng'ombe wa Kabula walikuwa wanakunywa.

Nani atamwaga sumu katika kisima kisichotumiwa na mtu? Yule anayedhani maji yake yanateremkia lamboni. Akalikumbuka swali la mzee pale chemchemini.

Na ng'ombe wao? Wamekufa wangapi?

 Kalista alitamani awe amekosea.

"Afande," Steven alisema, "umepata jambo?"

"Nimepata swali. Mtu hapelekwi mahakamani kwa swali. Beda, unaweza kunithibitishia njia ya maji haya, watu wote waone kwa macho?"

"Kwa rangi. Haina madhara. Tunaimwaga hapa na maji mengi nyuma yake, halafu tunangoja tuone inapotokea."

*

Mkutano ulifanyika Kasonta, uwanjani mbele ya kanisa. Watu wa vitongoji vyote viwili walikuja, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Kabula naye alikuja, akasimama mbali. Shedrack alikuwa ameachiwa, lakini hakuna aliyemsalimia.

Beda alieleza habari ya mwamba na nyufa. Watu walisikiliza kwa adabu, wakaguna kwa kutoamini. Kornel alisimama. Alikuwa amekonda katika siku zile chache, na sauti yake ilikwaruza.

"Mtaalamu, tunakuheshimu. Lakini mimi nimezaliwa juu ya kilima hiki. Maji ya pale hushuka lamboni. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Maji yapande kilima yaende Isenga? Tangu lini?"

Wengi waliitikia. Alikuwa amesema yaliyokuwa mioyoni mwao.

"Ndiyo maana tunapima, mzee," Kalista alisema. "Wengine watakaa chemchemini na Konstebo Steven. Wengine watakuja nami lamboni. Wewe ungependa kukaa wapi?"

"Lamboni," Kornel alijibu bila kufikiri.

Gari la maji la halmashauri lilipanda kilima kwa kuteleza. Beda alimwaga rangi, nyekundu kwenye chupa, ikageuka kijani kikali mara ilipogusana na maji. Ikafuatiwa na maji ya tangi lote. Kisha hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Siku ile ikapita. Lambo lilibaki na rangi yake ya udongo.

Kesho yake asubuhi Kalista alimkuta Kornel ameshafika, ameketi juu ya jiwe kando ya maji, macho hayabanduki. Alikaa karibu naye. Ng'ombe walikuja kunywa wakiongozwa na Shedrack, ambaye aliwapeleka ng'ambo ya mbali alipomwona mzee.

"Mzee Kornel."

"Naam, mama."

"Siku ile pale chemchemini uliniuliza ng'ombe wangapi wamekufa."

"Niliuliza?"

"Uliuliza. Kwa nini ulidhani wamekufa?"

"Nilikuwa nimechanganyikiwa. Mtoto wangu alikuwa amelala pale."

"Ni kweli. Lakini mtu aliyechanganyikiwa huita jina la mtoto wake. Wewe uliuliza ng'ombe."

Kornel alisugua viganja vyake. "Unanituhumu, mama? Unadhani ningemuua Lucia?"

"Hapana," Kalista alisema. "Sidhani hivyo hata kidogo. Najua ulimpenda."

"Basi acha tungoje."

Walingoja. Ukungu ulipanda, jua likatoka, vivuli vikafupika. Maji ya lambo yalibaki vilevile.

Simu ya Kalista ikaita. Aliiweka kwenye spika ili mzee naye asikie.

"Afande," alisema Steven. "Inatoka. Inatoka bombani. Kijani tupu."

 Kornel alisimama, akaanza kupanda kilima. Kalista alimfuata, na watu waliokuwa lamboni wakawafuata wote wawili. Mzee alikwenda mbio kuliko umri wake ulivyomruhusu, akishika nyasi kwa mikono palipokuwa pakali. Alipita kisima bila kukitazama. Akavuka kilele, akateremka Isenga.

Pale chemchemini watu walikuwa wameduwaa. Bomba lililochomoza mwambani lilitiririsha maji ya kijani kikali, rangi ya jani bichi, yakijaza kidimbwi ambamo mkono wa Lucia ulikuwa umezama. Abeli alikuwa amesimama kando, amembeba Otilia begani.

Kornel alikwenda mpaka kwenye bomba. Aliweka kiganja chini yake. Maji yakakijaza, yakamwagika, yakaupaka mkono wake rangi ya kijani mpaka kwenye kifundo. Aliutazama. Akakaa ndani ya maji.

"Ni mimi," alisema.



"Mzee Kornel," Kalista alisema, na kazi yake ilimlazimu aseme. "Nakuonya kwamba hulazimiki kusema neno lolote. Ukisema, maneno yako yanaweza kutumika mahakamani kama ushahidi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Andika." Alizungumza akitazama maji. "Ni mimi niliyemwaga dawa kule juu. Nilitaka ng'ombe wafe. Watu hapana. Lambo lile hawanywi watu, ni ng'ombe peke yao. Nililifikiri sana jambo hilo. Nilisema, mtu hatadhurika."

"Kwa nini hukuimwaga lamboni moja kwa moja?"

"Kuna mbwa. Kuna wachungaji mchana kutwa. Na kisima kile nani anakwenda? Nikajua maji yake yanashuka palepale. Nilijua." Alilirudia neno lile kwa mdomo uliokauka. "Usiku wake ikanyesha mvua kubwa. Nikafurahi. Nikasema itaisukuma haraka."

"Halafu?"

"Halafu kesho yake wakaja kuniambia Lucia amekufa. Nikajua wale wafugaji wamegundua, ng'ombe wao wamekufa, wamelipiza kwa mwanangu. Ndiyo maana nilikuuliza. Ukaniambia hakuna ng'ombe aliyekufa. Nikaenda lamboni mwenyewe, nikawakuta wanakunywa, wazima, wanene. Nikasema basi, dawa haikufika." Alitazama kiganja chake cha kijani. "Sikujiuliza imekwenda wapi."

Abeli alimshusha mtoto taratibu, akamkabidhi kwa mwanamke aliyekuwa karibu.

"Ni kwa sababu ya yale mahindi?" Kalista aliuliza.

"Mahindi." Kornel alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Wote wanasema mahindi. Baraza la kijiji walinithaminia mahindi. Nilikataa kupokea. Mama, mke wangu Otilia alikuwa mgonjwa mwaka mzima. Nilimwambia alale, msimu huu tutapanda kidogo. Akakataa. Alikuwa anajikongoja mpaka shambani, anakaa chini kati ya matuta, anafukia mbegu ameketi, kisha anajisogeza kwa mikono. Shamba lote lile. Alisema, mume wangu, nikienda sitaki uhangaike njaa. Mahindi yalipofika kiunoni akafa."

Alijipangusa uso kwa mkono wa koti. 

"Tulipotoka makaburini nilisema nipite shambani kwanza, nikakae katika kitu alichokipanda yeye. Nikakuta tope na kwato. Hapakuwa na jani. Siku ileile, mama. Nilikuwa nimemzika asubuhi, na mchana ng'ombe wakawa wamekula kitu cha mwisho alichokifanya kwa mikono yake. Ningelipwa nini?"

Nyuma ya umati mtu alilia kwa sauti. Alikuwa Kabula. Alikuwa amefuata kutoka lamboni pamoja na wengine, na sasa alikuwa amekaa chini, kitenge usoni. "Sikujua," alisema. "Mungu wangu, sikujua hilo."

"Ulipiga magoti mlangoni kwangu," Kornel alimwambia, bila hasira. "Nilikuwa ndani. Nilikusikia. Laiti ningefungua tu."

Sebastiani, yule aliyetaka kuchoma maboma, alikuwa ameinamisha kichwa. Vijana wenzake walikuwa wanaondoka mmojammoja, bila kuagana.

Steven alitoa pingu. Kalista akamzuia kwa jicho, akampa mzee mkono ili asimame. Maji yalimchuruzika kotini.

"Mtaalamu," Kornel alimwita Beda. "Sumu hii itaisha lini humo ndani?"

Beda alisogea, akakohoa. "Iliyo katika ufa mkubwa imeshapita karibu yote. Ila kuna vijiufa vidogo pembeni, imejificha humo, inarudi kidogokidogo. Siwezi kukudanganya. Pengine msimu mzima."

"Basi wekeni uzio. Watoto wasisogee."

Ndipo Abeli alipopita mbele. Tangu amuoe Lucia hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni. Heshima ya ukwe haikumruhusu. Wakikutana njiani alijitenga kando, akapiga makofi ya salamu, akangoja apite. Sasa alisimama mbele yake, macho kwa macho.

"Baba," alisema.

"Sema, mwanangu. Hata ukinipiga, una haki."

"Sitakupiga." Abeli alimwonyesha Otilia. "Huyu mtoto ana jina la mke wako. Kila asubuhi ananiuliza mama amekwenda wapi. Atakua. Ataniuliza ni nani aliyemuua. Nimwambie nini?"

Kornel alimtazama Otilia, ambaye alikuwa anachungulia rangi nzuri ya maji, amezuiwa na mkono wa yule mwanamke.

"Mwambie ni babu yake," alisema. "Usimwambie ni wafugaji. Wala usimwambie ni maji. Maji yalikwenda njia yake. Mwambie ni mimi."

Abeli aliitikia kwa kichwa. Kisha akakaa chini pale penye tope, akalia. Hakuwa amelia tangu siku ya kwanza.

Walimteremsha Kornel mpaka garini. Hakuomba kitu. Kalista alikaa naye kiti cha nyuma. Mahakama ndiyo ingeamua kama ni mauaji au ni kuua bila kukusudia. Kazi yake ilikuwa imekwisha, naye hakuhisi amemshinda mtu yeyote.

Walipopita bondeni, gari lilipunguza mwendo. Wanawake wa Isenga walikuwa wamejipanga njiani na ndoo, wakielekea kwenye bomba la mkono lililo karibu na boma la Kabula, maana kwao hapakuwa tena na maji. Kabula alikuwa amewatangulia. Alikuwa anawapampia, ndoo baada ya ndoo, kichwa ameinamisha, na kila mwanamke aliipokea yake kwa mikono miwili.

Kornel aliwatazama kupitia kioo mpaka kona ikawaficha.